Mashine ya Matundu, Ng'ombe wa Mama na Kidole Changu

Ilianza Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, nikiwa katikati ya mibuni na kikapu kiunoni. Saa naijua kwa sababu baba ametundika saa yake ya mfukoni kwenye msumari mlangoni mwa karakana, na kila anayeitwa naye lazima aitazame kwanza, ajue amechelewa kiasi gani. Mimi nilikuwa sijachelewa bado. Nilikuwa nimeitwa tu.

"Mwalimu," baba alisema, "nawa mikono, vaa viatu na sweta ya shule. Tunakwenda mjini kuchagua mashine."

Mimi si mwalimu. Ni msichana wa sekondari aliyerudi likizo, na darasani kwetu sijawahi kunyoosha kidole. Nikiulizwa swali huwa natazama chini, na kwa hiyo nyufa za sakafu ya darasa letu nazijua kuliko ramani ya Tanganyika. Lakini nyumbani huku mlimani, mtoto wa kike akishavaa sweta yenye nembo ya shule kifuani, watu hawaoni mtu tena, wanaona sweta. Baba aliitaka sweta iende naye. Mimi nilikuwa ndani yake, basi ilibidi nifuate.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kutoboa matundu kwa mstari. Nieleze, maana hata mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilisema "ndiyo, baba" nikaenda zangu bila kuelewa chochote.

Zamani baba alikuwa akitengeneza milango, vitanda na majeneza, na hakuna mteja wa jeneza aliyewahi kurudi kulalamika. Siku hizi watu wanajenga nyumba za bati, na mwenye nyumba ya bati anataka kabati. Tena si kabati la hivi hivi. Anataka kabati ambalo rafu zake zinahamishika, leo juu, kesho chini, kulingana na vyombo alivyonavyo. Rafu ikae juu ya vijiti, na vijiti viingie kwenye matundu, na matundu yaende mstari mmoja ubavuni mwa kabati, mbele na nyuma, kushoto na kulia, yote sawasawa. Shule moja ya misheni ilikuwa imemwagiza baba makabati ya bweni zima, yawe tayari kabla ya mvua za vuli.

Baba hutoboa kwa keke ya mkono, kifua chake kikiwa juu ya kishikio ili kuikandamiza. Kufikia jioni anakohoa, na matundu yenyewe yanapanda na kushuka kama njia yetu ya kwenda mtoni. Kabati la mwisho alilouza, mnunuzi alilirudisha. Sahani zake zilikuwa zinakusanyika pembeni zenyewe, kama watu waliosikia habari za msiba.

Mjini Arusha, nyuma ya soko, alikuwapo fundi Kalasinga aliyekuwa amepata mashine mpya za umeme, na alikuwa akiuza mbili za zamani zilizofanya kazi hiyo hiyo. Hakutaka hela. Watu wake wa nyumbani walichoka na maziwa yaliyotiwa maji, walitaka ng'ombe wao wenyewe. Mashine kubwa aliitaka kwa ng'ombe anayekamuliwa. Ndogo aliiuza kwa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado.

Kwetu ng'ombe anayekamuliwa ni mmoja tu, naye ni wa mama. Bibi alimpa mama ng'ombe aliyemzaa huyu, na huyu akazaliwa mikononi mwa mama usiku wa mvua, na mama humsemesha kwa Kimeru maneno ambayo baba, nadhani, hajawahi kuambiwa. Mtamba ni binti yake. Kwa hiyo swali la ni mashine ipi lilikuwa pia swali la mama atabaki na nini bandani, na kila mtu pale nyumbani alilijua hilo, hata ng'ombe, kwa jinsi alivyonitazama.

Mama hakubishana. Alitufuata mpaka ukingoni mwa shamba, akatia mayai mawili kwenye mifuko ya sweta yangu, moja huku na moja huku.

"Chagueni mnachokitaka," alisema. "Ila mkirudi mmechagua ile kubwa, baba wa watoto, jizoeze chai ya rangi mpaka uzeeke."

Mayai yalikuwa ya kupimia. Baba alikuwa na kipimo cha fundi chenye kioo cha maji, kikapasuka, maji yakatoka, na tangu hapo anatumia yai. Rafu ikishawekwa, yai linalazwa juu yake. Likitulia, rafu iko sawa. Likibingirika, rafu imepinda, na aliyesimama karibu alidake.

Sasa niseme jambo moja kuhusu baba na miti, kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa aibu yangu. Kwa baba, mti husimama ndani ya nyumba kama ulivyosimama msituni, shina chini, kilele juu. Ubao ukisimamishwa kichwa chini, nyumba haitulii. Sukari inaingiwa na sisimizi, mke na mume wanagombana. Jirani zetu walipokuwa wakigombana kila siku, baba alikwenda kukagua kitanda chao, akakuta mguu mmoja umepinduliwa, akaugeuza bila malipo. Wanagombana mpaka leo, lakini kwa sauti ya chini, na baba anahesabu hayo kuwa mafanikio.

Ubao ukishapasuliwa na kupigwa randa, kichwa na shina ni kama mapacha, na macho ya baba siku hizi hayasomi mishipa ya mti pasipo mwanga wa nje. Fundi mwingine angeandika alama. Baba hataki. Kwetu kila ubao hulazwa kichwa kikielekea mlimani, tangu siku unapopasuliwa mpaka siku unapokuwa kabati. Ukitaka kujua kichwa ni kipi, tazama Meru iko wapi. "Penseli inafutika," baba husema, "mlima haufutiki." Mimi nimekua hivyo. Nilipofika shuleni mara ya kwanza na kupewa kitanda, niliuliza kwa sauti ndogo mlima uko upande gani, ili nijue nilaze kichwa wapi. Wasichana wenzangu wananiita Kichwa-Mlimani hadi leo.

Tulipanda lori la kahawa, mimi, baba na baba mdogo, ambaye ni mdogo wake baba na hufanya naye kazi, na anajua kucheka kuliko anavyojua kupiga randa. Tulibeba mbao nne, yaani mbavu za makabati mawili, ili kila mashine ijaribiwe kwa kabati zima. Nilikaa juu ya magunia mikono mifukoni nikilinda mayai. Kila shimo la barabarani nililipokea kwa makalio ili mayai yasilipokee yenyewe. Tuliposhuka mjini sikuweza kunyooka, nikasalimia nimepinda, na yule mzee Kalasinga akadhani ni adabu.

"Shikamoo," nilisema. Nadhani nilisema. Midomo ilifanya kazi yake.

"Marahaba, binti. Huyu ndiye msomi wako, fundi?"

"Ndiye," baba akasema. "Sekondari."

Nilitazama chini. Sakafu yake ilikuwa ya udongo, haina hata ufa mmoja wa kunisaidia.

Banda lake lilikuwa refu, la bati, halina dirisha, lenye milango miwili mikubwa inayofanana, mmoja mwanzo na mmoja mwisho. Ndani kulikuwa na giza la vumbi la mbao, na ukutani picha ya Malkia imefunikwa na vumbi hilo hata akaonekana amezeeka ghafla. Agosti mlima wetu huwa umejifunika mawingu, lakini tulipokuwa tunashusha mbao baba alisimama uani kidogo, akanusa, akasema, "Uko kule." Wakaziingiza mbao na kuzilaza chini, vichwa vyote kule.

Walianza na mashine kubwa. Lo! Ilikuwa na vyuma saba vya kutobolea vimejipanga mstari mmoja kama wanakwaya, na gurudumu kubwa pembeni kama la mashine ya kumenyea kahawa. Kichwa cha ubao kinagota kwenye kizuizi cha chuma, mmoja anazungusha gurudumu, mwingine anavuta mpini, na wanakwaya wote saba wanashuka kwa pamoja. Matundu saba kwa pigo moja. Baba alicheka. Sijamsikia baba akicheka hivyo tangu nizaliwe. Alicheka kama mtoto aliyepewa kipande cha muwa asichokitarajia.

Aliyekuwa anazungusha ni baba mdogo. Walipomaliza mbao mbili, shati lilikuwa limemgandia mgongoni.

"Kaka," alisema akihema, "hii mashine inataka mtu, mkewe na wakwe zake wote."

"Nguvu utazipata, utakunywa maziwa."

"Ya nani? Si ng'ombe atakuwa huku?"

Baba alijifanya hakusikia. Walizibeba mbavu zile mpaka mlangoni kwenye mwanga, wakazisimamisha, wakatia vijiti na rafu. Nikatoa yai la kulia. Yai likatulia kama limetagwa pale pale.

Mashine ndogo ilikuwa na chuma kimoja tu. Kilikuwa kinatembea juu ya reli yenye meno. Unatoboa, unakisogeza jino moja, unatoboa tena, na kizuizi cha kugotesha kichwa cha ubao kiko mwanzoni mwa reli vile vile. Ni ya polepole, lakini mtu mmoja anaiweza peke yake, na haihemeshi. Mzee Kalasinga mwenyewe alitutobolea ubavu wa kwanza, taratibu, akinung'unika wimbo ndevuni. Matundu yalitoka safi hata baba mdogo akayapuliza moja moja kwa heshima. Mimi nikaanza kutumaini. Nilimwona mama akilini, na ndoo yake.

Ndipo tukaitwa chai.

Tulitoka kwa mlango wa mwisho, tukanywa chai uani kwake chini ya kibaraza. Chai ilikuwa ya maziwa na viungo, ya moto sana, na kwa kuwa niliona haya kuipuliza mbele za wazee, niliimeza kama ilivyo na kuunguza ulimi wote. Kisha tukazunguka banda kutazama mashine zake za umeme, na tukarudi ndani kwa mlango ule mwingine. Mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu. Angani hapakuwa na mlima, palikuwa na blanketi.

Ndani, ubao wa nne ulikuwa bado umelala chini pale pale. Baba akainama.

"Kichwa ni kipi?"

"Cha mlimani," alisema baba mdogo.

"Najua ni cha mlimani. Mlima uko wapi?"

Baba mdogo alijigeuza, akajigeuza tena. "Nadhani huku. Tulipoingia si tuliuacha huku?"

"Sasa hivi tumeingilia wapi?"

"Mlima wa nini, fundi?" mzee Kalasinga aliuliza. "Mimi nauza mashine. Siuzi mlima."

"Subiri kidogo, bwana fundi," baba akasema, kisha akafanya jambo ambalo bado linanijia nikifumba macho. Alinigeukia. "Mwalimu. Wewe umesoma jiografia. Mlima uko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi na shuleni nalisema kila siku kwa kunyamaza. Au ningetoka nje nikaulize mtu yeyote apitaye, hata mbuzi. Lakini wanaume watatu walikuwa wananitazama, na sweta ilikuwa inanibana shingoni, na nikafikiri kwamba kidole ni chepesi kuliko kinywa. Nikanyoosha. Kidole changu, ambacho hakijawahi kunyooka darasani, kilinyooka pale bandani kama cha mhubiri, kikiwa kimenyooka kabisa upande usio wake.

"Kule," nilisema. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaongeza, "Kaskazini ni kule."

"Mimi ningesema huku," baba mdogo akanong'ona.

"Wewe uliishia darasa la pili," baba akamjibu, akauinua ubao na kuugotesha kwenye kizuizi kwa ule mwisho nilioonyesha.

Nilijisikia vizuri sana. Nakiri. Kwa muda ambao ubao ule ulikuwa unatobolewa, nilisimama wima, nikawaza kwamba labda muhula ujao nitanyoosha kidole na kule.

Walipomaliza walizibeba mbavu mpaka mlangoni. Pale kwenye mwanga mikono ya baba hufanya kazi bila kumwuliza mwenyewe. Ilipapasa ubao, macho yakasoma mishipa, mikono ikausimamisha shina chini, kilele juu, kama inavyofanya kila siku. Vijiti vikaingia. Rafu ikawekwa. Nikatoa yai la kushoto na kulilaza.

Yai halikufikiri hata kidogo. Lilibingirika kama mtoto aliyesikia kengele ya kutoka, likashuka rafu yote, nami nikaruka kulidaka, nikalidaka kwa kifua. Kwa nembo ya shule, kwa usahihi zaidi.

Baba hakunitazama. Alikuwa anatazama matundu. Ya ubavu mmoja yalikuwa juu kuliko ya mwenzake kwa urefu wa dole gumba.

"Hii imelewa," alisema.

"Mashine yangu?" Mzee Kalasinga aliikagua reli, akalikagua kila jino kwa ukucha. "Imenitengenezea makabati miaka yote. Labda yai ndilo lililolewa, fundi."

"Yai la kwanza mbona lilitulia?"

Mzee akairudia reli yake, na mimi nilikuwa najipangusa ute kwa leso. Baba alisimama kidogo katikati ya mashine mbili. Nilimwona anaitazama ile kubwa, na nikajua moyoni alikuwa anatafuta sababu, na yai limempa.

"Kesho asubuhi nitamleta ng'ombe," alisema. "Wa maziwa."

Tulipotoka uani, mawingu yalikuwa yameachana. Meru ilikuwa pale, yote, kubwa, ya bluu, imekaa kama mtu aliyekaa nyuma yetu kanisani tangu mwanzo wa ibada. Ilikuwa upande ule ule baba mdogo alioutaja. Kidole changu kilikuwa kimeonyesha njia ya kwenda Dodoma.

Baba mdogo alinigusa kiwiko. "Mwalimu," alisema polepole, "mlima umehama tukinywa chai?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ya mjini ni ngumu. Wakati ule nilidhani ni aibu tu, aibu ya kawaida ya kuchekwa, niliyoizoea. Sikuiunganisha na yai. Baba alikuwa mbele anapatana na mwenye lori, hakuona kitu.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado kwenye migomba ya juu. Baba alizishusha mbao, akazilaza nje ya karakana, vichwa mlimani, akaenda kunawa. Mama hakuuliza. Aliuona uso wa baba, ulikuwa unang'aa, akajua. Akaingia bandani kwa ng'ombe wake na hakutoka kwa muda mrefu.

Mimi niliachwa na mbao. Nilikaa juu ya gogo nikikwangua yai lililokauka kwenye nembo, nikawa nazitazama mbavu mbili za mashine ndogo, zimelala bega kwa bega, vichwa mlimani vyote viwili. Na matundu yao yalikuwa yamelala mzungu wa nne. Ya ubavu huu yalianza karibu na kichwa. Ya ubavu ule yalianza karibu na miguu. Kama watoto wawili kitanda kimoja, kila mmoja ananuswa vidole na mwenzake.

Nikauangalia mlima. Nikakiangalia kidole changu. Nikahisi masikio yanapata moto.

Mashine haikulewa. Ubao ule ulitobolewa ukiwa umegeuzwa, na aliyeugeuza ni jiografia yangu. Ungesimamishwa kichwa chini, matundu yangekutana sawasawa na yai lingelala usingizi. Lakini ni nani angesimamisha mti kichwa chini mbele ya baba, hata kwa kujaribu tu? Hilo jaribio halikuwa na wa kulifikiria.

Basi nikaamua kusema wakati wa chakula. Tulikula loshoro, mama ameiponda ndizi na mahindi kwa maziwa ya mgando, mengi kuliko kawaida, na akawa anaongeza vikombe vya maziwa kabla havijaisha, kama anamaliza kitu. Baba alikuwa anaeleza habari za wanakwaya saba. Nikafungua mdomo. Nikatia kijiko. Nikafungua tena. Kijiko. Nilishiba vibaya kwa kutafuta ujasiri.

"Unataka kusema nini, mwalimu?" baba akauliza.

Wote walinitazama. Maneno yalikuwa tayari kabisa, yamepangwa mstari, matundu yote sawa.

"Chumvi imekolea," nilisema.

"Sijatia chumvi," mama akasema.

Baba mdogo alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani, mimi nikaomba ruhusa ya kwenda kulala.

Asubuhi yake niliamka kabla ya kuku, maana nilikuwa namhitaji mmoja wao. Nilichukua yai likiwa bado la moto. Nikaziingiza zile mbao nne karakana, nikausimamisha ubavu wa kwanza wa mashine ndogo kama baba apendavyo. Kisha nikaushika ule wa pili. Nilikuwa nimeishi miaka yangu yote bila kuona ubao umesimama kwa kichwa, na nilipougeuza nilitega sikio kwanza, nisikie kama kuna wanaogombana. Hakuna. Nikatia vijiti, nikaweka rafu, nikalaza yai.

Likakaa.

Nilikuwa bado nalitazama nilipoisikia kengele ya shingoni. Baba alikuwa anapita uani na kamba mkononi, ng'ombe wa mama nyuma yake, na mama nyuma ya ng'ombe, khanga ameifunga kama anayekwenda mazishini. Baba alichungulia mlangoni. Hakuliona yai. Aliuona ubao.

"Ni nani," alisema taratibu sana, "amesimamisha mti kichwa chini ndani ya nyumba yangu?"

"Mimi."

Ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Hata ng'ombe alisimama. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, mengine yalitoka yenyewe, bila foleni. "Ni mlima, baba. Nilikosea mlima. Tulitoka kwa mlango ule tukarudi kwa huu, nikaonyesha kule, na kule siko. Ubao uligota kwa miguu. Baba mdogo alikuwa sahihi. Sijui kaskazini ni wapi, baba, sijui kabisa, kwenye mtihani nilinakili kutoka kwenye ramani. Tazama yai."

Baba alilitazama yai. Baba mdogo alitokea akiwa na mswaki mdomoni, akalitazama naye. Mama alisogea, akalitazama kuliko wote. Yai halikuona haya hata kidogo.

"Kwa hiyo ile ndogo…" baba alianza.

"Ile ndogo ni nzima," baba mdogo akamalizia, "na mtu mmoja anaiweza, na mimi si gurudumu. Kaka, nimeamka na mgongo wa mzee."

Baba aliikunja kamba mkononi, akaikunjua. Nilijua anawaaga wanakwaya wake saba, mmoja mmoja, na nilimwonea huruma. Halafu akaingia, na jambo la kwanza alilofanya ni kuugeuza ule ubao shina chini. "Hata kwa ushahidi," alisema, "inatosha." Rafu ikateleza, yai likaanguka miguuni pangu. Hakuna aliyelijali.

"Nipe penseli yako," akaniambia.

Nilimpa. Aliinama juu ya mbao zile nne, na kwenye kichwa cha kila moja akachora mlima mdogo, pembe tatu tu, wa mwisho akauwekea na wingu. Kisha akarudi uani, akamkabidhi mama ile kamba bila kumtazama usoni, akasema, "Mfungulie mtamba."

Mama aliipokea. Alimsemesha ng'ombe maneno yao yale. Mtamba akafunguliwa, akashuka njia na baba na baba mdogo, akigeuka geuka nyuma, na mama alimtazama mpaka migomba ilipomficha. Ndipo akanigeukia, akaingia ndani, akatoka na kibuyu na kigoda.

"Haya, mwalimu. Umembakiza, sasa mkamue."

"Mama, mimi sijui kukamua."

"Leo ndiyo unasema sijui?"

Basi nilikaa kwenye kigoda, upande usio wake, ikabidi nihamishwe. Nikakamua. Nilipata maziwa ya kufunika chini ya kibuyu, na mengine kwenye sweta, palepale penye nembo. Kisha ng'ombe niliyemwokoa aliinua mguu, bila hasira, akanisukuma nikaanguka chali kwenye samadi. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala vizuri kabisa, kichwa mlimani.